Dogo, Hiyo Bodi ya Nini?

Mxiuu! Nani huyo aliyemwambia huyu mtoto anunue Raspberry Pi 5 ili ajue maji yamefika wapi kwenye tangi la kwao? Nataka nimjue. Dogo kajibana nauli, kaongezewa na shangazi yake, kaenda Kariakoo karudi na boksi lake, kafika hapa kijiweni uso umemchanua, kisha ananiuliza: "Kaka, sasa kihisi cha maji nachomeka wapi?"

Jamani.

Ndani ya boksi kuna bodi tu. Chaja haimo. Memori kadi haimo. Waya wa kupeleka picha kwenye tivii haumo, na bodi hii inataka ule wenye kichwa kidogo ambao huukuti kila duka. Chaja ya simu aliyonayo inaiwasha, ndiyo, lakini Pi 5 ikitaka nguvu zake zote inadai volti 5 na ampea 5, na chaja za namna hiyo hazijazagaa mitaani. Ile ya gigabaiti 4 ilipotoka Oktoba 2023 ilitangazwa kwa dola 60. Mwishoni mwa 2025 ikapandishwa kwa sababu chipu za kumbukumbu zilipanda bei dunia nzima. Hizo ni dola za kule inakotoka. Weka usafiri, weka ushuru, weka faida ya mwenye duka, halafu rudi uweke chaja, kadi na waya. Kwa hela hiyo angepata bodi za kujifunzia yeye na wenzake kadhaa, na ikabaki ya kununua mita ya kupimia umeme.

Simlaumu yeye. Nawalaumu wanaoshauri. Mtu akiuliza "nianze na nini?", jibu linamtoka mshauri kabla swali halijaisha: nunua Raspberry Pi. Hamwulizi anataka kutengeneza nini. Hamwulizi kwao umeme ukoje. Hamwulizi kama ana kompyuta nyumbani au ana simu tu. Mnataja jina mlilolisikia, mnaendelea na kahawa, mtoto wa watu anakwenda kumaliza akiba yake.

Mimi nasema hivi, na nitalisema mpaka mnichoke: bodi ya kwanza ya mtu anayejifunza iwe ile ambayo ikiungua leo jioni, kesho anapata nyingine bila kumpigia mtu magoti. Maana itaungua. Utachomeka chanya kwenye hasi, utagusisha pini mbili kwa ncha ya bisibisi, utalaza bodi juu ya meza ya bati. Hakuna fundi hapa mjini ambaye hakupita njia hiyo. Sasa kijana mwenye bodi ya bei mbaya haigusi. Anaitoa kwenye boksi, anaonyesha wageni, anairudisha. Mwaka unakwisha hajawasha hata taa moja, na watu wanasema vijana wetu hawapendi ufundi. Hili linaniuma.

Kijana mmoja wa bodaboda hapa kijiweni akaniuliza swali zuri kuliko walioulizwa ushauri. "Bro, kwani zote si kompyuta tu? Ndogo na kubwa?"

Hapana, ziko za namna mbili, na tofauti yake si ukubwa. Namna ya kwanza ni kompyuta kamili iliyobanwa kwenye bodi moja: Raspberry Pi yenyewe, Orange Pi, BeagleBone na jamaa zao. Hizo zinaendeshwa na mfumo wa Linux, zina mafaili, zinafungua intaneti, unachomeka kibodi na tivii unafanya kazi zako. Namna ya pili ni mikrokontrola: Arduino Uno ya kawaida, ESP32, Raspberry Pi Pico. Humo hamna Linux. Kuna programu moja tu, uliyoiandika wewe, inaanza pale umeme unapoingia na kuzunguka papo hapo mpaka umeme utoke. Uno hiyo ina kilobaiti 2 za kumbukumbu ya kazi. Kilobaiti mbili! Na watu wameendeshea mashine za kuchonga mbao na za kutotolesha vifaranga.

Kumpa Pi 5 kazi ya kupima tangi ni kukodi Fuso kwenda kufuata ndoo moja ya maji.

Tena si hela tu. Tazameni kazi yenyewe ilivyo. Kile kihisi chenye macho mawili ya duara, HC-SR04, kinapiga sauti ambayo sikio halisikii, inagonga maji, inarudi. Bodi inahesabu muda wa kwenda na kurudi, na kila sentimita moja ya umbali ni kama maikrosekunde 58. Maikrosekunde, yaani sehemu ya milioni ya sekunde. Mikrokontrola inakaa hapo inahesabu, haina kazi nyingine. Linux ina mambo mengi kwa wakati mmoja. Ikiachia programu yako kidogo ikahudumie kitu kingine, hesabu imeharibika, leo tangi linasoma limejaa, baada ya dakika linasoma nusu, na maji hayajatikisika. Kijana anadhani kihisi kibovu. Ananunua kingine.

Halafu umeme. Huku kwetu umeme hauagi. Pi inaendesha mambo yake kwenye memori kadi, na umeme ukikatika wakati inaandika, kadi inaweza kuharibika na bodi isiamke tena mpaka uipange upya. Mikrokontrola ukiikata mara mia kwa siku, umeme ukirudi inaanza kazi kwa kufumba na kufumbua, haina cha kuharibika. Nyumba ambayo umeme unacheza inahitaji bodi isiyojali.

Sasa Fundi Redio, huyu mzee wetu, yeye ni mtu wa Arduino Uno na hamumtoi hapo. "Mwanangu," ananiambia, "hii inavumilia." Na ana haki. Uno inafanya kazi kwa volti 5, ambazo ndizo vihisi vingi vya zamani vinazotaka. Ilitokana na kazi ya Massimo Banzi na wenzake huko Ivrea, Italia, mwaka 2005, walipotaka kitu rahisi kwa wanafunzi wao wa usanifu wasiojua elektroniki. Ndiyo maana inamsamehe mwanafunzi. Lakini sababu ya Fundi ni nyingine kabisa. Alichukua Uno akaigeuza, akatuonyesha ile chipu ndefu nyeusi yenye miguu 28, ATmega328P, imekaa kwenye soketi yake. Akaingiza bisibisi bapa chini ya chipu, akainyanyua kidogo upande huu, kidogo upande ule, ikatoka nzima mkononi. "Ikiungua hii, natoa naweka nyingine. Bodi inabaki." Hakuna kulehemu. Kwa mtu anayejifunza, hiyo ni heshima kubwa. Ila angalieni, kuna Uno za bei nafuu ambazo chipu yake ni ndogo ya mraba imelehemiwa moja kwa moja. Hizo zikiungua zimeungua. Ukiwa dukani omba uione bodi kabla hujatoa hela, utambue ni ipi.

Na hapa niseme kuhusu kopi, maana watu wanaziogopa bure. Michoro ya Arduino Uno imeachiwa wazi, kiwanda chochote kinaruhusiwa kuitengeneza. Kisichoruhusiwa ni kubandika jina na nembo ya Arduino. Kwa hiyo bodi ya kopi isiyojidai jina la mtu si wizi, na nyingi zinafanya kazi vizuri. Tofauti utakayokutana nayo ni chipu ndogo ya upande wa USB, mara nyingi inaitwa CH340. Kompyuta isipoitambua, tafuta draiva yake, weka, endelea. Msiende kumgombeza muuzaji kwa hilo.

Kasoro ya Uno hii ya Fundi ni moja na ni kubwa: haina waifai. Dogo anataka kujua maji yamefika wapi akiwa chumbani kwake, tangi liko juu ya paa. Kwa hiyo mimi, kwa kazi yake, namwambia ESP32.

ESP32 ilitoka kwa kampuni ya Espressif ya Shanghai mwaka 2016, baada ya mdogo wake ESP8266 wa 2014 kuwafungua watu macho kwamba waifai inaweza kuuzwa kwa bei ya sahani ya wali. Ina viini viwili vinavyokimbia megahezi 240, kilobaiti 520 za kumbukumbu, ina waifai, ina Bluetooth, na bei yake ukiagiza mwenyewe kutoka China ni dola chache. Ukiikuta Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi itakuwa imepanda, lakini bado ni hela ambayo kijana anaweza kuipata kwa vibarua. Mara nyingi inakuja na miguu yake imeshalehemiwa, waya wa USB unatosha kuiwasha.

Lakini ina tabia zake, na wanaoisifia hawazisemi. Ngoja nizitaje, maana kijana akikutana nazo peke yake usiku anakata tamaa.

Ya kwanza ni waya. Nyaya nyingi za USB zinazouzwa barabarani zina njia mbili tu ndani, za kuchajia. Bodi itawaka taa yake nyekundu, kompyuta haitaona chochote. Dogo atasema bodi mbovu. Badilisha waya kwanza, chukua ule wa kuhamishia mafaili, kabla hujamtukana mtu yeyote.

Ya pili, unapakia programu, kioo kinaandika kwamba kinaunganisha, vinatoka vidoti, vidoti, vidoti, halafu kinagoma. Kwenye bodi kuna vitufe viwili. Bonyeza kile cha BOOT, ukishikilie mpaka vidoti vigeuke kuwa asilimia, achia. Basi. Bodi nyingine zinafanya zenyewe, nyingine hazifanyi.

Ya tatu, bodi yenye pini 38 ni pana kiasi kwamba ukiikalisha kwenye ubao wa matundu wa kufanyia majaribio, inafunika matundu mpaka hubaki na pa kuchomeka. Fundi anachukua mbao mbili, anazisogeza, safu moja ya miguu ya bodi huku, nyingine kule. Ukiipata ya pini 30 una nafuu.

Ya nne ndiyo inayoua bodi: ESP32 ni ya volti 3.3. Pini zake hazijatengenezwa kupokea 5. Na kile kihisi cha macho mawili, HC-SR04 ya kawaida, ukikilisha volti 5 kinajibu kwa volti 5. Ukichomeka jibu lake moja kwa moja kwenye ESP32 huenda ikafanya kazi leo, na kesho, halafu siku moja pini ikafa, na wewe hujui kwa nini. Fundi Redio alimchorea dogo kwa chaki hapa chini kwenye sakafu. Rezista mbili: ya kilohomu 1 kutoka kwenye kihisi, ya kilohomu 2 kwenda ardhini, na pini ya bodi inachukua katikati. "Tano inaingia huku," anasema, "wewe unachota theluthi mbili. Ni ngapi hapo?" Dogo akahesabu kwa vidole. "Tatu nukta tatu." "Haya. Bodi imepona." Rezista mbili za bei ya peremende. Hilo somo la dakika tano ndilo elektroniki yenyewe, na hakuna bodi ya gharama itakayokufundisha kwa sababu ni ya gharama. Raspberry Pi nayo, hiyo aliyonunua, pini zake ni za volti 3.3 vilevile. Angeiua kwa kosa hilohilo.

Kwa tangi, kwa kweli, namshauri asitumie HC-SR04 kabisa. Mvuke wa maji utayaingia macho yake. Kuna JSN-SR04T, yenye jicho moja lililozibwa na waya mrefu. Tatizo lake haioni kitu kilicho karibu sana, sentimita 20 na kitu hivi. Kwa hiyo ifungwe juu, mbali na pale maji yanapofika tangi likijaa, la sivyo saa ile tangi linapokaribia kumwagika ndipo kihisi kinapokuwa kipofu.

Mwalimu wa hesabu, anayepita hapa jioni, hakubaliani nami. Yeye anasema Raspberry Pi Pico. Msichanganye majina: Pico ni ya kampuni ileile lakini ni mikrokontrola, ilitoka Januari 2021 kwa dola 4, na yenye waifai, Pico W, ikafuata 2022 kwa dola 6. Hoja ya Mwalimu ni maandishi. Vitabu vya maelezo vya Pico vimeandikwa kwa utulivu, kila pini imeelezwa, mwanafunzi anasoma anaelewa, na mimi hapo sina la kumpinga. Kupakia programu nako ni rahisi mno: unashikilia kitufe cha BOOTSEL huku unachomeka USB, bodi inatokea kwenye kompyuta kama flashi, unaburuta faili unaachia. Tena mlango wake wa umeme unapokea kuanzia volti 1.8 mpaka 5.5, kwa hiyo betri tatu za kawaida za redio zinaiendesha. Mkwamo ni kwamba Pico ya kawaida inakuja haina miguu. Unapewa vishimo, ulehemu mwenyewe. Peleka kwa fundi simu, atakulehemia. Mimi bado nasema ESP32 kwa sababu ukikwama, kila unayemuuliza anayo, na ikiungua unaipata duka lolote la elektroniki. Mwalimu anasema mtu afundishwe kusoma maelezo, si kuuliza watu. Hapo tuliachana hivyo, na nadhani kwa mwanafunzi wake wa darasani yeye ndiye yuko sahihi.

Zilizobaki nazipitia haraka. Orange Pi na Banana Pi zina nguvu nyingi kwa hela kidogo, lakini programu zake hazitunzwi kwa bidii. Mara nyingi unaangukia kwa watu wa kujitolea wa Armbian ndio wanaoifanya bodi iamke. Anayeanza asizikaribie. Ile ya bluu ndogo wanayoiita Blue Pill, yenye chipu ya STM32, ni nzuri na ni ya bei chee, ila soko limejaa chipu zilizoandikwa jina lisilo lake. Mwachieni anayejua kuzipima.

Na yale maboksi ya vihisi 37! Mxiuu. Mtu anafungua anaona rangi rangi, anafikiri kapata hazina. Chunguzeni: cha sauti, cha moto, cha sumaku, na vingine humo, vingi ni bodi ileile yenye chipu ileile ya LM393 inayolinganisha volti, kilichobadilika ni kile kidude cha mbele. Nusu yake hutakigusa maisha yako. Nunua kihisi kimoja cha kazi moja unayoitaka, ukimalize, uje ununue kingine.

Dogo akauliza, sauti imeshuka, kama amepoteza hela. Hajapoteza. Nyumbani kwao hakuna kompyuta. Hiyo Pi 5, akipata kadi na kibodi, akaichomeka kwenye tivii, ndiyo kompyuta yake ya kuandikia programu. Ndani ya mfumo wake kuna Thonny, ya kuandikia humo. Anachomeka ESP32 au Pico kwa USB, anaandika kwa lugha ya MicroPython, ile aliyoianzisha Damien George mwaka 2013, mistari michache taa inawaka. Pi ikae mezani iandike, bodi ndogo ipande juu ya paa ifanye kazi. Kwa mpango huo ununuzi wake una maana, na nilifurahi kuona bega lake limenyanyuka.

Asiye na Pi wala kompyuta asikae kando. Kuna ArduinoDroid, unaandika programu kwenye simu ya Android na kuipakia kwenye Uno kwa kile kiwaya cha OTG cha kuunganisha simu na bodi. Na kabla hujanunua kitu chochote kuna Wokwi: unafungua kwenye mtandao, unachagua Uno au ESP32 au Pico, unaunganisha taa na vihisi vya kuchora, unaandika programu ya kweli, unaona inavyokwenda. Bando kidogo tu. Kijana acheze humo kwanza. Akiona moyo haupo, hajatoa hata senti. Akiona moyo upo, anakwenda dukani anajua anachotaka, na muuzaji hamyumbishi.

Mama wa samaki naye alikuwa anatusikiliza. Ana friza. Umeme ukikatika usiku anagundua asubuhi, na mzigo umeshaanza kulegea. Akasema, "Nyie mnaongea matangi, mimi nitengenezeni cha kuniamsha." Hiyo sasa ni kazi ya maana kuliko zote zilizotajwa hapa, na ndiyo inayoonyesha kwa nini bodi ichaguliwe kwa kazi. Kihisi kipo, DS18B20, kile cha waya mweusi wenye kichwa cha chuma, kinapima mpaka nyuzi 55 chini ya sifuri. Kinataka rezista moja ya kilohomu 4.7 na hakitaki shida. Ugumu uko kwingine. Umeme wa nyumba ukikatika, na waifai ya nyumba imekatika. Kwa hiyo hakuna haja ya waifai: kipaza mlio cha kawaida chumbani kwake, waya mmoja mrefu, betri. Uno inatosha. Akitaka apigiwe simu akiwa mbali, kuna moduli ya laini, SIM800L, lakini hiyo inaponyanyua mtandao inavuta mpaka ampea 2 kwa mara moja, na betri dhaifu ikishindwa inajizima katikati ya kupiga. Wengi wanaitupa wakidhani mbovu, kumbe ina njaa.

Na betri zenyewe zina hesabu yake. Pi inakula wati tatu hivi hata ikiwa imekaa tu, kwa hiyo pawabenki ya miliampea elfu kumi inaimaliza kwa saa kumi au zaidi kidogo. ESP32 ikilazwa usingizi mzito chipu yake inakula maikroampea kama 10, karibu na bure. Ila msidanganyike na takwimu hiyo: kwenye bodi nyingi kuna regyuleta ya AMS1117 inayokula kama miliampea 5 yenyewe muda wote, na taa nyekundu isiyozimika. Betri ya miliampea 2,000 mliyodhani itakaa mwaka inakwisha kwa wiki mbili hivi. Pawabenki nayo ina ujanja wake, ikiona mzigo ni mdogo mno inafikiri simu imejaa, inajizima. Haya ndiyo mambo ya kumweleza mtu anayetaka kununua bodi, siyo idadi ya viini.

Pi inafaa wapi basi? Kwenye kamera inayotambua nyuso au namba za magari. Kwenye kuhifadhi takwimu za vihisi vingi na kuzichora. Kwenye maktaba ya shule isiyo na intaneti, inayogawa vitabu kwa waifai yake yenyewe. Kazi zinazotaka kompyuta, ipewe kompyuta. Na hata hapo, uliza kwanza kama hakuna kompyuta ya mtumba imelala mahali, maana mwaka 2021 mpaka 2023 chipu zilipoadimika, Raspberry Pi zenyewe zilitoweka madukani na walionazo waliziuza kwa bei ya kukomoa, na waliokuwa wamejenga kila kitu juu yake walikwama.

Limebaki moja, dogo, usiondoke. Umesema baada ya kupima unataka bodi iwashe pampu yenyewe maji yakishuka. Hapo tunatoka kwenye volti 5 tunaingia kwenye 230, na sicheki. Zile rilei za bluu, swichi zinazowashwa na bodi, zimeandikwa ampea 10, lakini mota ya pampu inapoanza kuzunguka inavuta mara kadhaa ya inavyokula ikishatulia, na ncha za rilei ndogo zinaweza kugandana hapo hapo. Zikigandana, bodi inasema zima, pampu inaendelea. Rilei yako iwashe kontakta, yaani swichi ya umeme mkubwa, kontakta ndiyo iwashe pampu, na kazi ya upande huo aifanye fundi umeme, si wewe wala Fundi Redio. Na kwenye programu, kihisi kisipojibu, au kikitoa namba isiyoeleweka, au pampu ikizunguka kupita muda ambao tangi linahitaji kujaa, pampu izimwe na kengele ilie. Andika mistari hiyo leo, uijaribu kwa kuchomoa waya wa kihisi, kabla hujaandika ule wa kuwasha.